Kioo cha nyuma cha Legacy kimemwagika chote, naombeni mwongozo kabla sijaharibu zaidi

#1 Kidevu
Wakuu, habari za jioni. Nina msiba wa kujitakia.

Gari ni Subaru Legacy Touring Wagon, namba ya bodi BP5, 2.0GT spec.B ya 2005, ya klachi. Farasi 280 kwa mujibu wa karatasi; kwa mujibu wa mafuta ninayoweka wamebaki wachache lakini bado wana njaa ile ile.

Jana mama watoto kanituma Kariakoo kuchukua fimbo za pazia, zile za chuma, mita mbili na nusu. Nikalaza siti za nyuma, nikazipenyeza katikati mpaka zikagusa redio. Zikaingia zote, au niseme nilidhani zimeingia zote. Shokapu za buti zilikufa tangu mwaka jana, huwa naegemeza mlango kwa mpini wa fagio. Nikautoa mpini, mlango ukashuka kwa uzito wake, kumbe fimbo moja ilisharudi nyuma kidogo.

Hata sikusikia mlio wa kitu kuvunjika. Nilichosikia ni kama mtu kamwaga gunia la mchele juu ya bati. Nikabaki nimesimama na mpini wa fagio mkononi, watu wananiangalia.

Nimeziba kwa nailoni na solotepu ya maboksi, nikaendesha mpaka Tabata na foleni yote ile. Nimefika kichwa kinaniuma vibaya, nadhani ni jua na hasira. Sasa nauliza: kioo hiki kinapatikana Ilala au niagize Japani? Kuna jamaa mtaani anasema atanikatia pleksi, ile plastiki ngumu inayoangaza kama kioo, kwa bei ya chini, ni wazo au ni ujinga? Na je, naweza kwenda nalo kazini wiki hii na nailoni yangu?

#2 MlaBati
Ungenunua Noah haya yote yasingekukuta. Noah inameza kitanda na godoro lake.

#3 DerevaMkimya
Fimbo za pazia zimepona?

#4 Kidevu
Zimepona. Zipo ukutani tayari. Sitaki kulizungumzia hilo.

#5 MkataVioo
Kijana wangu, pole. Nimeshika kazi ya vioo vya magari zaidi ya miaka ishirini, sasa niko Morogoro na macho yamechoka, kwa hiyo sikuuzii kitu. Naanza na kichwa chako, kioo baadaye.

Kichwa hakikuuma kwa hasira, kiliuma kwa moshi. Gari lenye mgongo wa boksi kama lako likitembea linaacha nyuma yake eneo ambalo hewa imepungua nguvu, na moshi wa ekzosi unazungukia hapo hapo. Ukiwa na tundu kwenye mlango wa nyuma, moshi unaingia kama umealikwa. Ile sumu iliyomo, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na dalili yake ya kwanza ni hicho kichwa. Ya pili ni usingizi. Nailoni iliyobandikwa kwa solotepu inapigapiga, kila ikiachia kidogo inavuta. Foleni ndiyo mbaya kuliko zote kwa sababu unakaa hapo na moshi wako na wa jirani.

Ukilazimika kulisogeza, feni iwe ya juu kabisa, iwekwe kuvuta hewa ya nje na si ile ya kuzungusha ya ndani, ili hewa isukume kutoka mbele kwenda nyuma. Watoto usiwapakie. Ukiweza, liache lilale nyumbani.

Sasa kioo. Cha mbele na cha nyuma si ndugu. Cha mbele ni vioo viwili vyembamba vilivyobanwa na tabaka la plastiki katikati, ndiyo maana jiwe likipiga kinapata nyota tu na kinabaki mahali pake. Cha nyuma ni kioo kimoja kilichopashwa moto zaidi ya nyuzi 600 kisha kikapulizwa upepo wa ghafla. Ngozi inapoa kwanza, tumbo linapoa baadaye na kujikunja kwa ndani, basi maisha yake yote ngozi inabanwa na tumbo linavutwa. Kipige kiganja katikati, kinakucheka. Kiguse ukingoni kwa ncha ya chuma, hata kwa upole, ule mvutano wote unaachiwa kwa pamoja na kinageuka punje. Fimbo yako haikuwa na nguvu yoyote, ilibahatika tu kugusa pale.

Ndiyo maana pia hakuna fundi wa kukukatia kingine kama hicho. Kikishapikwa hakikatwi wala hakitobolewi. Pleksi inakatwa, ndiyo, lakini waipa itaichora ndani ya miezi miwili, jua litaifanya njano, inatanuka na kunywea kuliko bodi kwa hiyo gundi itaachia, na difoga, ile mistari ya umeme ya kukausha ukungu, haina. Pleksi ni ya gari la mashindano ambalo mwenyewe hana mpango wa kuona nyuma.

#6 Kidevu
Shikamoo mzee. Sikujua kabisa hilo la moshi. Nililala saa moja usiku nikidhani ni uchovu. Gari halitoki, kesho napanda daladala.

#7 Otish_Umoja
Boss, salamu kutoka Nairobi. Hiyo gari yako huku iko mingi, na kioo ya nyuma huwa inaenda kwa njia moja tu: mtu anabeba kitu ndefu. Yangu ilikuwa ngazi. Nilipata ya mtumba Grogan siku hiyo hiyo, ila nilitembea duka karibu kumi na mbili. Kila mtu anakuambia "iko, keti kidogo", halafu anatuma kijana aende kwa jirani. Ukiona wanakuketisha na soda, jua hawana.

Na uulize insurance yako kwanza. Mimi yangu ilikuwa na kipengele ya vioo, walilipa bila maswali mingi.

#8 Kidevu
Otish, yangu ni bima ndogo. Hiyo inamlipa niliyemgonga, na mimi nimejigonga mwenyewe.

#9 Nyamagana
Mimi niko Mwanza, nina BH5 GT-B, ya kabla ya yako. Angalizo kabla hujaenda Ilala: usikubali mtu akuambie "cha Legacy" ukaishia hapo. Sedani ya umri wa gari lako ni BL, kioo chake ni kingine kabisa. Changu cha BH nacho hakiingii kwako. Kitakachokaa ni cha BP, na humo humo ndimo ilimo Outback ya miaka hiyo, maana ni bodi ile ile iliyonyanyuliwa. Watu wengi wanatafuta GT tu na wanapita vioo vya Outback vimeegeshwa ukutani.

Nenda na picha ya plate ya chasisi kwenye simu. Maneno matupu Ilala yanapandisha bei.

#10 Mwanatanga
Naongezea kwa kaka Kidevu. Ukikipata, kabla hujauliza bei, pitisha kidole kwenye kona zote nne na uangalie kwa kuinamia mwanga. Sisi hapa nchini tunachonga namba za magari kwenye vioo kwa sababu ya wezi. Kioo kilichoshushwa kutoka gari lililokatwa Japani hakiwezi kuwa na namba ya T ikifuatiwa na tarakimu tatu. Ukikuta imechongwa, au ukikuta pale kona pamesuguliwa pakawa na ukungu, ujue kuna mtu aliamka asubuhi akakuta gari lake halina kioo. Mimi niliwahi kuuziwa kioo cha pembeni cha Impreza yangu kikiwa na namba ya Impreza yangu. Niliibiwa Ijumaa, nikanunua Jumatatu.

#11 DerevaMkimya
Walikupunguzia?

#12 Mwanatanga
Elfu kumi. Nikawashukuru kabisa, namba niliiona nyumbani.

#13 MkataVioo
Dada kasema kweli tupu.

Kidevu, dukani fanya hivi. Kioo kiwe kimesimama juu ya kitambaa au mbao, si sakafu. Zungusha macho ukingo mzima, ukiona kipande kimemeguka hata cha ukubwa wa punje ya ulezi, kiache. Kitavumilia wiki moja, siku umeegesha juani ukifunga mlango kitamwagika peke yake na utamsingizia fundi.

Kisha difoga. Pale kushoto na kulia kuna vibati viwili vya kuchomekea waya. Hapo ndipo vioo vya mtumba vinapokufa, maana anayekitoa anavuta waya badala ya kuchomoa. Kibati kikiondoka na rangi yake ya fedha kukirudisha ni kazi, risasi ya kawaida ya kuchomelea haishiki vizuri hapo. Omba betri ya volti 12 na waya wenye fyuzi ya ampea 20, unganisha pande mbili, subiri dakika mbili, halafu pulizia pumzi. Mistari iliyo hai utaiona inakausha ukungu mmoja mmoja. Mstari usiokausha umekatika. Mmoja au miwili si neno, ipo rangi ya fedha ya kuunganishia. Ikikatika sita, mwambie akupunguzie au kiache.

Tinti ya kubandika ikiwepo, usikubali mtu aitoe kwa wembe. Wembe unaondoka na mistari yote. Kioo chako cha asili nadhani kilikuwa cheusi chenyewe. Kwaruza ukingo kwa ndani kwa ukucha, kikiwa cheusi cha kiwandani hakuna kitakachobanduka.

#14 MlaBati
Haya yote kwa ajili ya kioo? Mimi ningeweka mbao nipake rangi.

#15 Kidevu
Wakuu, mrejesho. Leo nimeshinda Ilala tangu saa tatu. Wa kwanza alikuwa na kioo kizuri, bei tamu mno, nikainama kama alivyosema dada Mwanatanga: kona ya kulia imesuguliwa. Nikamuuliza, akasema ni mchubuko wa kwenye meli. Nikaondoka.

Wa tano ndiye alikuwa nacho, cha Outback, laki tatu na ishirini baada ya kubishana mpaka tukawa marafiki. Betri nimefanya, mistari yote iko hai isipokuwa mmoja wa chini kabisa. Cheusi cha kiwandani. Kijana wa pale akasema fundi yuko hapo hapo, elfu arobaini, saa moja kazi imekwisha. Na kweli saa moja haikufika. Kioo kimekaa, kinang'aa, nimerudi nyumbani nikipiga honi.

Asanteni sana, uzi ufungwe.

#16 MkataVioo
Usiufunge. Saa moja haikufika? Gundi iliyotumika ilikuwa kwenye tyubu ya rangi gani, na ilinuka nini?

#17 Kidevu
Sikuiangalia tyubu mzee. Gundi nyeusi. Ilinuka kama siki, kama achari ya embe.

#18 MkataVioo
Basi ni silikoni. Hiyo ni ya masinki na madirisha ya bafuni.

Sikiliza nikueleze, na usinikasirikie. Kioo hicho hakikuwekwa kuzuia mvua tu. Kiwandani kinagundishwa kwenye mlango kwa gundi ya yurethani ambayo ikikauka inakuwa kama mpira wa tairi, inakibeba kioo na kuufanya mlango uwe kitu kimoja. Gari lako jepesi nyuma kwa makusudi, mlango wa buti wa BP ya wagon ni wa alumini. Weka sumaku uone, haishiki. Kioo kinachangia ugumu wa mlango ule.

Silikoni haishiki namna hiyo. Inaziba, haibebi. Na ile harufu ya siki ni asidi inayotoka inapokauka. Inakula chuma na alumini palipochubuka rangi. Kama yule kijana alikwangua gundi ya zamani kwa bisibisi, na kwa saa moja hakuwa na namna nyingine, basi michubuko ipo. Alumini haifanyi kutu nyekundu ya kukushtua. Inatoa unga mweupe kimya kimya chini ya rangi, unaiinua kidogo kidogo mpaka kioo kimesimama juu ya hewa.

Usiliendeshe kasi. Mnunuzi wa gari la turbo husahau kwamba upepo wa kilomita 120 unakivuta kioo cha nyuma kwenda nje.

#19 Otish_Umoja
Mzee amemaliza. Huku tuliona moja ikitoka Thika Road, ikaruka nzima nzima kama sahani. Bahati nyuma kulikuwa na lori, si pikipiki.

#20 MlaBati
Mzee anatisha watu. Mimi nina kioo cha silikoni mwaka wa tatu na kipo.

#21 MkataVioo
MlaBati, nenda sasa hivi kakisukume kwa ndani na viganja viwili, kona ya juu. Usijibu kabla hujafanya.

#22 Kidevu
Mimi nimefanya. Kona ya juu kushoto inacheza. Kidogo, kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Na jana usiku imenyesha, nimefunua zulia la buti, kwenye tundu la tairi la akiba kuna maji ya kujaza kikombe. Nimekaa chini nimeshika kichwa. Safari hii si moshi.

Nifanye nini mzee? Nimwite yule kijana arudie?

#23 MkataVioo
Usimwite. Hakuwa na nia mbaya, ila hana mkono wa kazi hii, na atakuongezea silikoni juu ya silikoni.

Tafuta fundi mwenye waya wa kukatia, ule mwembamba wa chuma wenye vishikio viwili, na mwenye prima, ile dawa inayopakwa kabla ya gundi ili ishike. Muulize neno moja tu, "prima". Akikuuliza prima ni nini, mwage chai yako uondoke. Nakuandikia kazi yenyewe ilivyo ili umsimamie.

Waipa, spoila na makava ya ndani ya mlango vinatoka kwanza. Klipu za plastiki za gari la umri huu zitavunjika, nunua kumi za akiba na usilie. Makava yakishatoka utaona punje za kioo cha zamani zimejaa ndani ya mlango, kwenye kitasa na kwenye matundu ya kutolea maji. Hakuna aliyezitoa, naapa. Zinyonye kwa mashine, kisha ugonge mlango kwa kiganja, unyonye tena. Tundu la maji likizibwa na punje, mlango unakuwa ndoo.

Kioo kikatwe kwa waya, si kisu. Kisha ije sehemu ambayo fundi wengi wanaikimbia: silikoni yote itoke. Yote kabisa, kwenye bodi na kwenye kioo. Yurethani haishiki juu ya mafuta ya silikoni, hata alama ya kidole tu inatosha kuharibu. Kwa wembe, kisha kitambaa na dawa ya kusafishia, kitambaa kingine, kingine tena. Hapa ndipo unapolipia ile elfu arobaini mara ya pili.

Palipobaki gundi ya asili ya kiwandani, isitolewe. Inakatwa ibaki nyembamba, milimita moja au mbili, maana yurethani mpya inaipenda ya zamani iliyokatwa sasa hivi kuliko kitu kingine chochote. Palipochubuka mpaka kwenye alumini papakwe prima ya bodi, pakauke. Kwenye kioo, prima nyeusi inapita juu ya ule mkanda mweusi wa ukingoni. Mkanda ule haukuwekwa kwa urembo, unalizuia jua lisiile gundi.

Pua ya tyubu ikatwe umbo la V, mstari wa gundi usimame kama paa la nyumba, kimo cha sentimita moja na kitu, bila kukatika kuzunguka kioo kizima. Tyubu moja inaweza isitoshe, muwe na mbili, na usome tarehe ya kuisha, maana dukani zinakaa juani. Ikishatoka mna dakika kumi hivi kabla haijaanza kuota ngozi, kwa hiyo kioo kiwekwe kavu kwanza bila gundi, kipimwe, zibandikwe alama za tepu kioo na bodi zilingane. Watu wawili wa kubeba. Kikigusa gundi hakisogezwi tena.

#24 Nyamagana
Mzee ruhusu swali. Hapa Mwanza fundi wangu huweka gari juani ili gundi ikauke haraka. Ni sawa?

#25 MkataVioo
Yurethani inakaushwa na unyevu wa hewa. Joto linasaidia, lakini bila unyevu inalala. Dar yenye jasho lake inakausha vizuri kuliko Dodoma mwezi wa kiangazi. Muda wa kusubiri umeandikwa kwenye tyubu, kuna za saa moja na kuna za nusu siku. Mimi nililala nalo daima. Kuosha kwa mashine ya presha, siku mbili zipite.

Jambo moja la Subaru yako, Kidevu. Milango ya BP haina fremu juu ya vioo, na inafunga kwa kubana sana. Ukibamiza mlango vioo vyote vikiwa juu, hewa ya ndani inatafuta pa kutokea na inasukuma kioo kibichi cha nyuma. Shusha vioo viwili vidole vitatu, lilale hivyo.

#26 MlaBati
Nimesukuma.

#27 DerevaMkimya
Na?

#28 MlaBati
Mzee, ulisema prima inaitwaje?

#29 Kidevu
Wakuu, nimetoka huko. Imechukua siku nzima, na nilikaa pale kama mkaguzi. Fundi ni mtu mzima wa Gerezani, nilipomuuliza prima alinitazama kama nimemuuliza kama ana leseni ya kuishi, akafungua kabati nikaona chupa mbili. Laki moja na thelathini pamoja na vifaa. Jumla niliyotumia kwa kioo kimoja nimeificha kwa mama watoto, nimemwambia nusu.

Mzee, kila ulichosema tumekikuta. Ukingo wa chini kulikuwa na mikwaruzo saba ya bisibisi, na mmoja ulishaanza ule unga mweupe ndani ya siku tisa tu. Punje za kioo zilijaa bakuli. Kutoa silikoni peke yake kumekula saa tatu, fundi akiimba nyimbo za kwaya na kumsema vibaya kila aliyewahi kuvumbua silikoni.

Kioo kimekaa. Nimelala na vioo vya mbele vimeshuka, mbu wote wa Tabata wamelala ndani ya gari langu.

Ila difoga haiwaki.

#30 Mwanatanga
Umeangalia fyuzi kaka? Nao kina fundi bodi wakirudisha makava huwa wanabana waya kwenye bawaba.

#31 Kidevu
Fyuzi nzima. Taa ya swichi inawaka.

#32 MkataVioo
Chukua mita. Swichi ikiwa imewashwa na injini inaunguruma, pima kati ya vile vibati viwili. Ukipata volti 12 na ushee na mistari haipati moto, tatizo ni kioo. Ukipata sifuri, pima kibati kimoja kimoja na bodi ya gari. Upande wa umeme ukiwa na volti na upande wa pili nao una volti hizo hizo, basi dunia haipo, waya wa ardhi umeachia. Kwenye gari la namna yako waya zinapita kwenye mpira kati ya paa na mlango. Miaka ya kufungua na kufunga inazikata humo ndani, kwa nje mpira mzima.

#33 Kidevu
Vibati vyote viwili vina volti 12. Waya mweusi umekatika ndani ya mpira, ulikuwa unashikilia kwa unyuzi mmoja. Fundi umeme kauunga kwa risasi na kuuvisha, elfu kumi. Inawaka, na ule mstari wa chini nimeuacha umekufa, siuhitaji.

#34 Nyamagana
Bado maji. Usitangaze ushindi. Gari langu lilivuja mwaka mzima nikilaumu kioo, kumbe ni raba ya taa ya nyuma. Maji yalikuwa yanateremka kwa ndani ya ubavu na kutokea kwenye tundu la tairi, mahali pale pale unaposema wewe. Panga karatasi za chooni ukingo wote kwa ndani, mtu mmoja akae butini na tochi, mwingine amwage maji kwa bomba polepole akianzia chini kupanda juu, dakika tatu kila sehemu. Ukianzia juu maji yanashuka kote na hujui yalikoingilia.

#35 Kidevu
Kumekucha. Nimemweka mwanangu wa darasa la tano butini na tochi, amefurahi kuliko siku ya Idi. Kioo kavu pande zote. Taa ya kulia: karatasi imelowa ndani ya dakika moja. Kwa hiyo sehemu ya lile kombe la maji haikuwa ya silikoni. Raba mpya ya taa nimepata kwa elfu nane. Nyamagana, ukija Dar nina soda yako.

#36 Otish_Umoja
Weka picha boss. Uzi bila picha ni ripoti ya polisi.

#37 Kidevu
Nimejaribu kupakia mara tatu, zinagoma. Amini tu, lipo jeusi na linapendeza.

#38 Kidevu
Miezi minne baadaye wakuu. Masika imepita yote juu ya kioo hiki, na tundu la tairi kavu kama mkeka. Nimeenda nalo Moshi na kurudi, mlangoni hakuna hata mvumo. Punje za kioo bado zinatokea. Leo nimekuta moja ndani ya ndala ya bafuni na sielewi imefikaje.

#39 DerevaMkimya
Na shokapu za buti?

#40 Kidevu
Nimenunua jozi wiki ile ile. Mpini wa fagio umerudi kwenye fagio.

#41 Mgeni_Kigoma
Wakuu salaam, nimeusoma uzi wote leo. Mimi nina Nissan Stagea, ile ambayo kioo cha nyuma kinafunguka peke yake bila kufungua mlango. Changu kimemwagika kwa jiwe la mashine ya kukatia majani. Hiki nacho kinawekwa kwa gundi?

#42 MkataVioo
Hicho kimeshikwa na bawaba zake, na kina shokapu zake na kitasa chake. Fungua uzi wako, nitakuja. Na fimbo za pazia ziache nyumbani.